Roki Nzito ya Zambia, 1975: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nikimpigia mgeni santuri hizi sebuleni, hazipiti dakika kumi kabla hajaanza kuuliza, na maswali ni yaleyale. Nimechoka kuyajibu kwa mdomo, kwa hiyo nayaandika hapa. Atakayebisha abishe, lakini asikilize kwanza.

Kwa nini 1975, na kwa nini Zambia? Roki si ya Wazungu?

Mwaka huo nchi yenye watu wapatao milioni tano ilitoa albamu nne ambazo mpaka leo sijapata mwaka mwingine barani Afrika wa kushindana nao kwa roki nzito. Nazipanga hivi: ya kwanza *Africa* ya Amanaz, ya pili *Lazy Bones!!* ya WITCH, ya tatu *Zambia* ya Rikki Ililonga, ya nne *Wings of Africa* ya Musi-O-Tunya. Nafasi ya tatu na ya nne hubadilishana kulingana na siku nilivyoamka. Ya kwanza haishuki.

Kuhusu Wazungu: gitaa la umeme ni chombo tu. Vijana wa Kitwe na Lusaka waliwasikia Jimi Hendrix, Rolling Stones, Deep Purple na James Brown kwenye redio na santuri, wakaingia kwenye kumbi za miji ya migodi, wakatoka na kitu ambacho hakikufanana na chochote kilichotoka London.

Zamrock ni nini hasa?

Ni jina lililoshika kwa roki ya Zambia ya miaka ya 1970. Ukitaka kuitambua bila kuambiwa, sikiliza mambo mawili.

Kwanza ni fazi. Ni kijisanduku kinachowekwa sakafuni, mpiga gitaa anakikanyaga kwa mguu, na sauti ya gitaa inapasuka. Kama nyumbani kwenu kulikuwa na redio kubwa ya mbao ambayo spika yake ilichanika kwa kufunguliwa hadi mwisho, basi unaijua sauti ninayoisema: nyuzi hazilii tena, zinakoroma. Wapiga gitaa wa Zambia waliipenda sauti hiyo kupita kiasi, wakaiacha ikorome wimbo mzima, hata pale ambapo Mwingereza angeizima ili mwimbaji asikike.

Pili ni ngoma iliyo chini yake. Dramu na besi haziendi kama za roki ya Ulaya, ambayo mara nyingi hupiga hatua moja-mbili kama askari wa gwaride. Hizi zinazunguka. Kiuno kinazielewa kabla ya kichwa. Ndiyo maana mtu anayeniambia "mimi roki siipendi" huwa namwekea Zamrock kwanza, halafu namtazama miguu.

Nianze na albamu ipi?

*Africa* ya Amanaz. Jina la bendi ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "niulize kuhusu wasanii wazuri wa Zambia", majigambo ya vijana ambayo kwa bahati yalikuja kuwa kweli. Walikuwa watano: Keith Kabwe akiimba, Isaac Mpofu na John Kanyepa kwenye magitaa, Jerry Mausala kwenye besi na Watson Lungu kwenye dramu. Albamu ilitolewa na lebo ya Zambia Music Parlour.

Usianze na wimbo mzito. Anza na "Khala My Friend". Magitaa mawili yanaingia taratibu, moja linatembea, jingine linalisindikiza pembeni kama rafiki anayemtoa mwenzake mpaka njia panda na hataki kumwacha. Sauti ya mwimbaji haipandi. Anaimba kama mtu aliyekwisha kubishana vya kutosha na sasa anaomba tu. Neno *khala* ni Kinyanja, na wewe unalijua: ni "kaa". Kaa, rafiki yangu. Nilipoelewa hivyo kwa mara ya kwanza, bila kamusi wala mkalimani, nilirudisha sindano mwanzo mara tatu.

Baada ya hapo ndipo uweke "History of Man". Hapo fazi inafunguliwa kama lango la mgodi na yale malalamiko ya upole yote yanakwisha. Kwamba watu haohao watano walipiga nyimbo hizo mbili kwenye albamu moja, hilo ndilo linaloiweka juu ya nyingine kwangu. Bendi nyingi nzito zina uzito tu. Hawa walijua pia kunong'ona.

Nimeikuta *Africa* ya namna mbili, moja kavu na nyingine ina mwangwi. Ipi ni ya kweli?

Zote mbili. Albamu ilichanganywa mara mbili, na matoleo mapya ya miaka ya karibuni yamezileta zote. Ile kavu inakuweka chumba kimoja na bendi, unasikia kila kitu kilipo. Ile ya mwangwi inawapeleka mbali, kama wanapigia ndani ya tangi la maji. Mimi ni wa ile kavu. Mwanangu ni wa mwangwi. Hatujaafikiana.

WITCH ni mambo ya uchawi?

Hili huulizwa sana na wazee, na nawaelewa. Hapana. Ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tunakusudia kuzua vurugu". Kiongozi wao, Emanuel Chanda, aliitwa Jagari, na hilo ni jina la Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones, lililotafuniwa Zambia mpaka likalainika. Hakuna ushirikina zaidi ya huo.

*Lazy Bones!!* ilikuwa albamu yao ya tatu. Ya kwanza, *Introduction*, ina utamu wa watoto waliokabidhiwa ufunguo wa studio: ni mbichi, inakimbia, inajikwaa. Kufikia 1975 walikuwa bendi hasa. Sikiliza "Black Tears", namna gitaa linavyolia kupitia wawa (pedali inayoifanya nyuzi itamke kama mdomo wa mtu), halafu "Strange Dream", halafu "October Night". Kinanda kinakaa nyuma, hakijionyeshi. Dramu za Boidi Sinkala zinastahili usikilizaji wa peke yake, ukiziba masikio kwa vyombo vingine kama inawezekana.

Kwa nini basi ni ya pili na si ya kwanza? Kwa sababu *Lazy Bones!!* inakushika shati, na *Africa* inakufuata nyumbani.

Hawa walikuwa andagraundi kweli?

Swali zuri, na jibu lake huwashangaza wengi. Kwetu siku hizi andagraundi ni msanii mchanga asiyepata nafasi redioni. WITCH hawakuwa hivyo hata kidogo. Nyumbani kwao walikuwa nyota, wanajaza kumbi, wanazunguka nchi. Redio ilikuwa upande wao pia: Rais Kenneth Kaunda alitaka asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Zambia, na vijana wenye magitaa ya umeme walikuwa miongoni mwa waliojaza pengo hilo. (Kaunda mwenyewe alikuwa mtu wa gitaa. Ule wimbo aliopenda kuuongoza akipunga leso nyeupe, "Tiyende Pamodzi", hauhitaji tafsiri: twende pamoja.)

Uandagraundi ulikuja baadaye, kwa kusahauliwa. Santuri zilichakaa, bendi zikavunjika, na kwa miaka mingi nje ya Zambia hapakuwa na aliyejua. Kwa hiyo mtu wa Ulaya anayekwambia amegundua muziki wa siri wa Afrika, mwambie taratibu kwamba kulikuwa na mji mzima uliokuwa ukiucheza Jumamosi.

Mbona wanaimba Kiingereza?

Si nyimbo zote. Kuna Kibemba, kuna Kinyanja, na mara nyingine lugha mbili ndani ya wimbo mmoja. Lakini Kiingereza ni kingi, na sababu kubwa ni Copperbelt yenyewe. Kitwe, Ndola, Chingola, Mufulira na Luanshya ni miji iliyojengwa na shaba. Watu walitoka kila kona kwenda migodini, na watoto wao walikulia mtaa mmoja wakiwa na lugha tano za nyumbani. Roki iliingia kwa Kiingereza, shule ilikuwa kwa Kiingereza, wakaendelea nacho.

Msomaji wa Kiswahili, hata hivyo, ana upendeleo asioujua. Kwenye *Africa* kuna wimbo unaitwa "Kale", na maana yake ni kale, vilevile. Kuna "Nsunka Lwendo", na *lwendo* ni safari, ndugu yake mwendo. Ila usijiamini kupita kiasi. Kuna kibao cha bendi ya Ngozi Family kiitwacho "Nizakupanga Ngozi", nami kwa muda mrefu nilidhani kinahusu mtengeneza viatu. *Ngozi* kwa Kinyanja ni hatari, ajali. Mwimbaji anamtisha mtu.

Ni kweli Rikki Ililonga alipiga kila kitu mwenyewe?

Karibu vyote. *Zambia* ni kazi ya mtu mmoja anayejitosheleza, na inasikika hivyo: haina ule msukumo wa watu wanne wanaochochea mwenzao, lakini ina kitu ambacho bendi haiwezi kukupa, yaani mtu anayefikiri kwa sauti. Ucheshi upo pia. "Shebeen Queen" ni mama wa kilabu cha pombe, na kila mtaa wetu una wake. Baadaye Rikki alihamia Denmark.

Nimesikia mojawapo ya albamu hizi ilizaliwa Nairobi.

Ni *Wings of Africa*. Musi-O-Tunya, ambayo Rikki alikuwamo kabla ya kwenda peke yake, ilikaa Kenya kwa muda na kurekodi huko. Jina lao ni lile la maporomoko ya maji ya Zambezi, moshi unaonguruma. Hii ndiyo albamu yenye ngoma nyingi za asili na tarumbeta kuliko nyingine tatu, na watu wa roki kali huiona nyepesi. Mimi naiona kama daraja: upande mmoja Fela Kuti wa Nigeria na bendi ya Osibisa, upande mwingine fazi ya Copperbelt. Isikilize mwisho.

Mbona Paul Ngozi hayumo kwenye orodha? Bila Ngozi hakuna Zamrock!

Barua za hasira kuhusu hili ndizo nyingi kuliko zote. Tulizeni. Paul Ngozi na Ngozi Family ndio waliokuwa wazito kuliko wote, hilo nalikubali kwa mikono miwili. Gitaa lake halikuwa na adabu, na jukwaani alikuwa akilipiga kwa meno. Lakini orodha hii ni ya mwaka 1975. *My Ancestors* ya mpiga dramu wake, Chrissy Zebby Tembo, ni ya 1974. *Day of Judgement* ya Ngozi Family ni ya 1976, na *45,000 Volts* ya 1977. Ningekuwa naandika kuhusu 1976, Ngozi angekuwa wa kwanza na mjadala ungekwisha.

Vijana wa leo wamemjua kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2024 rapa wa Marekani, Tyler, the Creator, alichukua kipande cha "Nizakupanga Ngozi" akajengea wimbo wake "Noid". Ngozi mwenyewe hakuishi kuyaona hayo. Alifariki 1989.

Sisi Tanzania tulikuwa wapi wakati huo?

Tulikuwa tukijenga reli, kwanza. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilianza kujengwa 1970 na mataruma yalikamilika mwaka huohuo wa 1975. Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ilikuwa imefunga mpaka mwaka 1973, na shaba ya Zambia ilihitaji njia ya kufika baharini. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikuwa limekwisha kufika Ndola tangu 1968. Huwa nawatania rafiki zangu wa Zambia kwamba hata dizeli ya gari la bendi ilipita kwetu.

Kimuziki tulikuwa nchi ya dansi, na mamlaka hazikuwa na mapenzi na sauti za Kimarekani. Muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam mwaka 1969. Lakini msidhani hatukuwa na watu. Sunburst, bendi ya Dar es Salaam, walichanganya roki, soul na ngoma za nyumbani wakauita mtindo wao Kitoto. Wakahamia Zambia, na albamu yao *Ave Africa* ikatoka 1976. Ilitolewa upya mwaka 2016 pamoja na nyimbo zao nyingine. Hii ndiyo albamu ambayo namlazimisha kila Mtanzania aisikilize hata kama hizo nne zitamshinda.

Mimi nimelelewa Mbeya, ambako jioni nyingine redio ya Zambia ilinaswa safi kuliko ya Dar. Kaka yangu mkubwa alikuwa na kanda isiyo na jina iliyoandikwa kwa kalamu "ZAMBIA NGUMU". Nilikuja kuitambua miaka ishirini baadaye.

Nimepakua, sauti ni mbovu. Faili langu limeharibika?

Halijaharibika. Studio zilikuwa ndogo, muda ulikuwa wa kuhesabu, na matoleo mengine ya leo yamenakiliwa kutoka kwenye santuri yenyewe kwa sababu kanda ya awali haikupatikana. Utasikia sindano ikitafuna. Sehemu nyingine sauti ya mwimbaji inazidiwa na gitaa, nyingine besi inavimba. Usianze kuchezea vitufe vya kuongeza besi kwenye redio yako. Utaongeza tope juu ya tope. Ukitaka kurekebisha kitu, ongeza sauti. Muziki huu ukiwa chini unaonekana mchafu, ukiwa juu uchafu unapata kazi.

Kwa nini ulikufa?

Shaba. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, mafuta nayo yalikuwa yamepanda tangu 1973, na nchi iliyokuwa ikiishi kwa kitu kimoja ikaanza kukosa pesa za kununua vitu vyote, nyuzi za gitaa zikiwamo. Vita vilikuwa pande zote: Rhodesia, Angola, Msumbiji. Zambia iliwapa hifadhi wapigania uhuru na ikashambuliwa kwa sababu hiyo. Kukawa na usiku wa kuzima taa na amri za kutotoka nje, na bendi ya roki bila usiku ni duka bila mlango. Disko likaingia. WITCH wenyewe, Jagari akiwa ameondoka na kuwa mwalimu, waligeukia huko.

Halafu likaja ukimwi. Katika kikosi kile cha WITCH cha miaka ya 1970, aliyebaki hai ni Jagari peke yake. Sijui namna nyingine ya kuliandika hilo.

Naweza kupata santuri za asili?

Ukiwa na pesa ya pikipiki, ndiyo. Nakala za kwanza zilizobaki ni chache na wakusanyaji wa Ulaya, Marekani na Japani wamezikamata. Nunua matoleo mapya. Now-Again Records ya Marekani imefanya kazi kubwa kuliko wote, ikiwa ni pamoja na mikusanyo miwili ya *Welcome to Zamrock!* ya mwaka 2017. Ukitaka kuonja bila kujifunga, anza na hiyo.

Jihadharini na ya mtaani. Mimi niliwahi kutuma pesa kwa muuzaji mmoja aliyeniapia ana *Lazy Bones!!* ya 1975, "haijachezwa mara kumi". Kilichofika ni jalada lililochapwa kwa mashine ya rangi ya ofisini, limegundishwa kwa gundi inayonuka bado, na ndani mna kwaya. Kwaya nzuri, sitaki kusema uongo. Bado ninayo.

Kuna yeyote anayepiga bado?

WITCH wamerudi. Filamu kuhusu maisha ya Jagari ilitoka 2019, na kabla haijatoka alikuwa ameshaunda kikosi kipya chenye Wazambia na vijana wa Ulaya. Patrick Mwondela, aliyepiga kinanda WITCH ya miaka ya 1980, yumo. Walirudi kurekodi Lusaka na kutoa *Zango* mwaka 2023, albamu yao ya kwanza baada ya karibu miaka arobaini. Rapa Sampa the Great, ambaye ni wa damu ya Zambia, anasikika humo. *Sogolo* ikafuata 2025. Si nzito kama za zamani, na sikutegemea iwe. Mzee aliyevuka sabini kusimama jukwaani usiku kucha ni uzito wa kutosha.

Na roki nzito ya leo Afrika Mashariki?

Nairobi. Tafuta albamu ya bendi ya Duma iliyotolewa 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Lakini usiipige kuna mgonjwa nyumbani.

Naweza kusikiliza kwenye simu?

Spika ya simu, hapana. Besi yote itapotea na utabaki na nyuki kwenye chupa. Vaa visikilizio, vya bei yoyote, kaa chini, weka "Khala My Friend". Ina dakika chache tu.